Misumari Saba ya Bunduki ya Kambo

— Aristote, misumari iko wapi? Myriam aliuliza.

Aristote alikuwa na kitambaa cha mafuta mkononi na tabasamu la kujisifu. Nyumba yake ya mtaa wa Bel-Air ilijaa bunduki za gumegume, zile zilizoletwa zamani kwa biashara, na hakuna kitu alichokipenda zaidi duniani, ukimtoa Myriam, mchumba wake. Iliyokuwa mezani iling'aa sana, ila kitako chake kilikuwa na matundu saba.

— Chérie, niling'oa. Haikutoka na misumari kule kiwandani Liège. Bantu ba huku njo balipigilia. Sasa iko kama mupya!

Myriam hakuweza kutulia. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

— Bunduki hii njo mahari balilipa juu ya kambo yangu, mama ya mama! Kila mutoto alizaa, balipigilia musumari. Mujomba alikupatia upanguse vumbi tu, kesho pa ndoa yetu tuilalishe pa mukeka mbele ya familia. Weye unang'oa mama yangu?

Tabasamu likamkauka. Hapo hapo ujumbe wa mjomba Chanda ukaingia kwenye simu ya Myriam: "Niko hapa karibu, Kampemba. Minakuya kukamata bunduki."

— Atakatala ndoa, Myriam alisema, machozi yakimlenga. Kwetu mujomba njo anatoa binti. Tuseme ni fundi.

Hodi ikapigwa, Aristote akaenda kufungua.

Chanda aliingia, akaiona bunduki, akakaa bila kuvua kofia.

— Nani alifanya hivi?

— Mujomba, ni fundi...

— Hapana, Papa, Aristote alidakia. Fundi hakuna. Ni miye. Nilizani minatengeneza, kumbe minabomoa.

Akaleta misumari ndani ya kopo. Chanda aliigeuzageuza kiganjani.

— Ya mama ya Myriam ni gani?

— Siyue, Papa.

— Hata miye siyue tena. Zamani nilikuwa nayua.

Hilo lilimchoma Aristote kuliko tusi. Myriam alikuwa bado anazunguka chumbani, hana pa kuweka mikono.

— Leta nyundo, Chanda akasema. Miye nitaita jina, weye utalirudilia, utapiga.

Wakaanza. Kunda. Mulenga. Chanda mwenyewe. Kwa msumari wa nne, mzee akamtazama Myriam.

— Bijou.

Alikuwa mama yake Myriam, marehemu. Aristote alirudia jina hilo polepole, kisha akamkabidhi Myriam nyundo. Myriam akaacha kuzunguka, akapiga huku analia.

Msumari wa saba ulipoingia, Chanda akavua kofia.

— Mukwe, alisema, na hakuwahi kumwita hivyo. Nipatie maji ya kunywa. Kesho saa ine, hapana kuchelewa.