Babu Alivyooga Mafuta Ghafi

Nyuma ya ukuta wetu hapa mtaani Balakhani kuna pampu ya kuvuta mafuta ardhini. Kutwa inainama na kuinuka, kama mzee anayesinzia barazani. Tumeizoea. Ikinyamaza ndipo tunashtuka usingizini.

Magoti ya babu yangu Agamusa nayo yalikuwa na sauti yao. Akiinuka, ka! Akikaa, ka! Bibi yangu Tukazban alisema nyumba yake haihitaji kengele.

Tungecheka tu, lakini harusi yangu ilikuwa inakaribia. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na babu ndiye aliyenilea. Alikuwa ameapa mbele ya jamaa wote kwamba atacheza nami ukumbini. Dansi hiyo niliitaka kuliko gauni lenyewe.

"Babu, nenda Naftalan," nilimwambia.

Huko Naftalan watu wenye viungo vibovu huogeshwa mafuta meusi ya ardhini. Rafiki yake Hajiaga alikwenda, akarudi anaruka mitaro.

"Nisafiri mbali hivyo kutafuta mafuta?" babu alicheka. "Mimi niliyezaliwa juu ya mafuta? Umeona wapi samaki akipanga foleni ya maji?"

Asubuhi moja alichukua ndoo akaenda kwenye kisima cha zamani cha mafuta kinachovuja nyuma ya ukuta. Alikwenda na kurudi, akichechemea na kupiga mluzi, mpaka beseni la kuogea likajaa mafuta ghafi. Akafunga dirisha ili dawa isitoroke. Akaingia.

Muda si muda tukamsikia anaimba. Babu haimbi.

"Tukazban!" aliita. "Mke wangu mrembo! Mafuta yana baridi. Lete samawari ya chai uyapashe!"

"Mrembo?" Bibi alinitazama. "Zarifa, babu yako anaumwa."

Lakini sifa ni sifa. Bibi alikiweka sawa kitambaa cha kichwa, akabeba samawari. Makaa yalikuwa yanawaka ndani yake, cheche zinaruka.

Kabla hajafika bafuni, jirani yetu Mirvari aliingia mbio. Mirvari alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta. Pua yake tunaiogopa kuliko mbwa wake.

"Tukazban, simama! Toa huo moto nje!"

"Lakini mume wangu ame..."

"Nje! Unataka harusi igeuke matanga?"

Bibi alitoka na samawari yake kama mwizi na kuku. Mirvari akafungua milango yote.

"Zarifa, usiguse swichi ya taa! Hata cheche ndogo inatosha."

Tulifungua dirisha, tukamtoa babu tukamkalisha uani kwenye upepo, amefungwa shuka. Alikuwa mweusi mpaka shingoni, kichwa kinamzunguka, bado anatabasamu.

"Mnanionea wivu," alisema. "Hajiaga aliogea haya haya."

"Si haya, mzee wangu." Mirvari alichukua uzi wa tini ambazo bibi alikuwa anakausha. "Tazama. Mafuta ghafi yametengenezwa kwa minyororo midogo mno, haionekani kwa macho. Kila tini hapa ni kaboni."

"Na hawa nzi waliotua juu yake?" niliuliza.

"Nzi waliozishika ndio haidrojeni." Alikata kipande kifupi cha uzi. "Minyororo mifupi ni myepesi. Hiyo ndiyo gesi na petroli. Inaruka hewani hata bila kuchemshwa. Mirefu zaidi ni mafuta ya taa na dizeli. Mirefu kabisa ni lami ya barabara. Kiwandani tunayachemsha, tunakusanya kila kundi mahali pake."

"Na ya Naftalan?" babu aliuliza.

"Yale ni mazito. Petroli karibu haimo kabisa. Na bado daktari anakaa na saa mkononi, akihesabu dakika za kuoga! Haya yako yamejaa petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni ukitafuta moto. Ndio huo uliokulewesha mpaka ukaimba."

Bibi alikunja uso.

"Kumbe hata ule urembo wangu ulikuwa petroli?"

Babu alianza kuutazama mti wetu wa tini kwa makini sana.

"Nileteeni petroli nijisugue," alisema mwishowe.

"Petroli tena!" Mirvari alishika kiuno. "Inaunguza ngozi na kuingia mwilini. Leteni mafuta ya kupikia na vitambaa, kisha sabuni."

Bibi alitoa mafuta ya pilau ya harusi huku anasonya. Tukamsugua.

"Mgeuzeni," nilisema. "Upande huu umeiva."

"Nyamaza, bibi harusi!" babu alisema. "Haya, yale ya kwenye beseni tuyamwage kwenye mtini. Yametoka ardhini, yarudi ardhini."

"Yatafunika mizizi, mti ukose hewa na maji," Mirvari alijibu. "Ukiyamwaga kwenye bomba la maji machafu yatafika baharini, yaue samaki. Ukiyachoma, mtaa mzima utavuta masizi."

Basi tuliacha bafu likipigwa upepo mpaka harufu ikaisha. Tuliyachota tukayatia kwenye makopo yenye vifuniko. Mirvari aliwapigia simu wenye kisima. Wakaja kuyachukua, na baadaye wakaziba pale palipovuja.

Babu alikwenda kwa daktari, akapewa mazoezi ya magoti. Kila asubuhi aliyafanya, akihesabu kwa sauti na kumtukana Hajiaga.

Siku ya harusi aliingia ukumbini, akainua mikono, akacheza nami polepole. Ka! Ka! Mpiga ngoma alisikiliza, akacheka, akaifuata mipigo ya magoti yake. Nililia mpaka wanja ukachuruzika.

Kisha wasichana wakaja na mishumaa ya kumzunguka bibi harusi, kama ilivyo desturi yetu. Bibi aliruka akasimama kati yao na babu.

"Mishumaa mbali na huyu!"

"Tukazban, mrembo wangu," babu alisema, "nimeshaoga."

Bibi alimnusa shingoni, kushoto na kulia. Hakukuwa na harufu yoyote ila sabuni.

"Haya," alisema. "Sema tena."