Chupa Niliyoijaza Mwenyewe

Visa vya namna hii kila mtu husema vilimpata jirani, au binamu wa jirani, au mke wa fundi aliyemjengea binamu wa jirani. Mimi sina wa kumsingizia. Hiki kilinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na kama kuna mtu wa kuonewa haya humu ndani, ni huyu huyu anayewasimulia.

Kazi yangu ni kufunga sampuli. Zahanati yetu ni ndogo, haina mashine za kupima magonjwa makubwa, kwa hiyo kila Jumatatu damu na makohozi ya watu husafiri kwenda maabara kuu, na Alhamisi majibu hurudi kwenye bahasha. Chupa inafungwa kifuniko, kifuniko kinazungushiwa utepe. Inavingirishwa pamba ya kutosha kunywa damu yote endapo itapasuka. Inaingia kwenye mfuko, mfuko unaingia kwenye kopo gumu lenye kifuniko cha kuzungusha, kopo linaingia kwenye boksi lenye pakiti za barafu. Fomu inakaa nje ya kopo, isije ikalowa. Mshale juu, namba ya simu pembeni, basi. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kumwaga hata tone, na kwa ukali wangu juu ya pamba wenzangu wakanibandika jina la Bi Pamba. Nililipenda jina hilo, nisiseme uongo. Nilijiona.

Jumatatu hiyo fundi cherehani alikuja mapema. Kibanda chake kiko mitaa miwili kutoka kwetu, na sare zangu zote alizishona yeye. Alikuwa amekonda, homa haimwachi, fizi zinamtoka damu, lakini mdomo ulikuwa haujakonda hata kidogo.

"Bi Pamba, nichote kwa adabu," alisema akikunja mkono wa gauni. "Usije ukanimaliza, nina nguo za watu."

Nilicheka, nikamtoa damu. Daktari alinifuata mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anashuku ugonjwa wa damu, ule ambao ukiwahiwa una dawa na ukichelewa hauna. "Hii isichelewe," alisema. Nikamwambia aniachie mimi.

Saa saba mchana dereva wa vifurushi alikuwa nje anapiga honi, na pamba ikaniishia. Nyingine ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao nesi wa zamu. Sasa, nesi huyo wiki iliyotangulia nilimgombeza mbele ya wagonjwa kwa kosa la kufunga chupa bila pamba. Nilimsema mpaka akalia. Leo nikamwombe ufunguo, mimi, niliyesahau kuweka pamba ya akiba? Nikajiambia mara moja haitadhuru. Nikaitia chupa ya fundi kwenye kopo bila pamba, nikafunga, na nilipokuwa nalipeleka kopo kwenye boksi likaniponyoka.

Nilisikia mlio mdogo ndani yake. Nilipofungua, damu ilikuwa imetapakaa humo ndani, pamoja na vipande vya kioo.

"Bi Pamba, naondoka!" dereva alipaza sauti.

Fundi angeweza kurudi ndani ya dakika kumi. Dereva ningemwomba angesubiri, si mtu mbaya. Lakini ningelazimika kuliandika kosa langu kwenye daftari la matukio, na daftari hilo husomwa kwa sauti kila asubuhi mbele ya wote, na msomaji ni nesi. Aibu yangu yote iko hapo, jamani, wala si kubwa: niliogopa kuchekwa.

Nikafunga mlango. Nikakaza mpira kwenye mkono wangu wa kushoto kwa meno, nikajichoma, nikajaza chupa mpya. Nikabandika juu yake jina la fundi, nikaivingirisha kwenye leso yangu, nikafunga. Nilijiambia nitamwita fundi wiki ijayo niseme sampuli iliharibika njiani. Dereva akatia saini, akaondoka.

Alhamisi bahasha ilikuja, na daktari alishamsomea fundi kabla sijainuka kitini. Damu safi. Hana tatizo. Fundi alicheza pale kwenye korido, na hali yake ile, wagonjwa wakampigia makofi. Akaja kunikumbatia.

"Mikono yako ina baraka, mwenzangu," aliniambia sikioni.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, nami nikatabasamu. Baadaye niliichukua ile karatasi nikaisoma peke yangu. Ilitaja kundi la damu. Kadi ya fundi ina kundi jingine kabisa. Lile la kwenye karatasi lilikuwa langu. Daktari hakuwa ameangalia, na ningemwonyesha tu angejua, lakini ushahidi ule ndio ungekuwa kesi yangu. Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye faili.

Jumatatu iliyofuata nilimwita fundi, nikamdanganya kwamba maabara wanataka kipimo cha marudio, utaratibu tu. Nikamtoa damu. Safari hii nilishindilia pamba mpaka kopo likawa linakataa kufunga. Nilipomkabidhi dereva boksi nilishusha pumzi, nikasema basi, yamekwisha, ukweli uko njiani na hakuna atakayejua.

Nilikuwa nanawa mikono nilipoona. Kwenye kiwiko changu cha kushoto, upande wa ndani, palikuwa na tundu. Lile la wiki iliyopita lilishapona. Hili lilikuwa bichi, na damu ilikuwa bado inachuruzika.

Alhamisi majibu yakaja. Damu safi. Kundi la damu, langu.

Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Mchawi hufanya nini, nikajiuliza. Huchukua kitu cha mwili wa mtu, akakitia jina, akakifunga, akakituma mbali. Mimi nilifanya hivyo miaka kumi na mmoja na hakudhurika mtu, kwa sababu kila jina lilikuwa la mwenyewe. Mara moja tu nilidanganya, na jina likashika. Damu yangu ilikuwa imekaa kwenye nafasi ya fundi na haitaki kutoka.

Daktari naye alishapata karatasi mbili. "Mara mbili safi," alimwambia fundi. "Ni uchovu huo. Punguza kushona, kula vizuri." Fundi akaitikia. Nilimwona akitoka nje ameshika ukuta.

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha ya mwenzangu. Wiki nzima sikulala, na Jumatatu ya tatu nilifunga mlango wa daktari nikamweleza yote, pamba, kopo, sindano, tundu, kila kitu, huku nimeinamisha uso. Sikuweza kumtazama. Hakunifokea. Alilitoa faili, akasoma kundi la damu mara mbili, akamwita fundi.

"Wewe kaa pale," aliniambia. "Mikono mapajani. Usiguse kitu."

Nikakaa. Fundi akaketi kitini ng'ambo ya chumba. Daktari aliandika jina mwenyewe, akafunga mpira mwenyewe, akatafuta mshipa. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa linaingia mpaka katikati ya meza. Sindano ikazama mkononi mwa fundi.

Nikachomwa.

Sikusogea. Hakuna aliyenigusa. Mkono wa sare yangu ulianza kulowa. Chupa ya fundi ilikuwa inajaa. Tone likaanguka sakafuni karibu na kiatu changu. Likaanguka la pili.

"Daktari," fundi alinong'ona akiitazama sindano. "Mbona sisikii chochote?"

Daktari aliitazama chupa. Kisha akanitazama mimi. 

"Funga mkono," aliniambia polepole.

Fundi akatugeukia wote wawili. "Kuna nini?"

Daktari alichomoa sindano. Jibu aliniachia mimi. Nilikuwa na nafasi, na yule mwanamke alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayeniamini.

"Hakuna kitu, fundi," nikasema.

Daktari alipanga kumpeleka mwenyewe kesho yake saa mbili asubuhi, kwa gari lake, hadi hospitali kubwa, wampime huko huko, bila boksi, bila mimi. Gari lilifika kwa wakati. Fundi alikuwa ameshafariki. Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, alimkuta asubuhi hiyo ameinamia cherehani, na uzi bado umo kwenye sindano.

Msibani watu walinipisha nikae mbele. Dada yake alinishika mikono mbele ya wote akasema, huyu ndiye aliyemhangaikia mdogo wangu, alimpima mara tatu. Wanawake wakanipa pole. Nilihisi uso wangu unaungua. Nikajikaza mpaka dada akaenda uani kuosha vyombo, nikamfuata, nikamwambia. Safari hii sikubakiza kitu.

Alikuwa na sahani mkononi. Aliendelea kuiosha ile ile, kuiosha, kuiosha.

"Uliogopa kuchekwa," alisema mwishoni.

"Ndiyo, dada."

"Na huyo nesi amewahi kukucheka?"

Nilifikiri. "Hapana."

Akaiweka sahani chini, akachukua nyingine.

Nilidhani kifo kimeyamaliza. Jumatatu iliyofuata nilifunga maboksi sita, nikayahesabu. Dereva alitia saini kwamba amepokea saba. Nilipomuuliza alishangaa: "Si umenipa mwenyewe sasa hivi?" Nilikunja mkono wa sare. Tundu lilikuwa pale, bichi.

Alhamisi bahasha ikaja yenye jina la fundi. Tarehe ya kutolewa damu, Jumatatu hiyo. Damu safi. Hana tatizo. Daktari akapiga simu maabara, akaweka spika ili nami nisikie. Yule wa maabara alisema wamepokea mzigo bila hitilafu, tena akatusifu. "Umefungwa vizuri sana," alisema. "Pamba ya kutosha." Daktari akakata simu. Mwezi haukuisha akaomba uhamisho, na siku anaondoka hakuja kuniaga. Simlaumu.

Nilimpelekea dada ile karatasi. Sikuwa na haki ya kumficha tena chochote. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Lakini Alhamisi iliyofuata nikamwona kwenye dirisha la majibu, ninakokaa mimi siku za Alhamisi, amevaa vizuri, amepanga foleni pamoja na watu wengine. Zamu yake ilipofika aliinama.

"Majibu ya mdogo wangu yametoka?"

Nyuma yake kulikuwa na watu. Wote wanajua fundi amekufa, wengine walimzika. 

"Yametoka," nikasema.

"Anaendeleaje?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Jibu lilikuwa limeandikwa pale, limepigwa muhuri. "Mzima," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Akachukua karatasi, akashukuru, akaondoka.

Ni mwezi wa saba huu tangu msiba. Kila Alhamisi anakuja, kila Alhamisi ananiuliza hivyo hivyo, nami natamka uongo ule ule uliomuua mdogo wake, mbele ya watu, nikiwa nimeinamisha kichwa. Nimebadilishiwa chumba, nimechukua likizo, nimelala kwa mama Jumatatu nzima nimefungiwa bandeji mkono mzima mpaka kwapani. Jioni bandeji ilikuwa mahali pake, haikulegea. Chini yake kulikuwa na tundu.

Alhamisi iliyopita niliifungua bahasha mapema, kabla ya foleni. Karatasi haikuwa kama nyingine. Kulikuwa na mstari umepigwa chini ya maneno: chembe zisizo za kawaida, mgonjwa aonwe haraka. Jina, la fundi. Kundi la damu, langu. Nilikaa palepale. Asubuhi ile nilipopiga mswaki nilikuwa nimetema damu, nikasema ni mswaki mgumu.

Dada alifika saa nne. Aliinama dirishani.

"Anaendeleaje?"

Ningeweza kusema mzima. Midomo ilishazoea, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nesi alikuwa nyuma yangu akipanga mafaili. Watu walikuwa wananitazama.

"Ameanza kuumwa, dada," nikasema.

Hakushtuka. Alipokea karatasi akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maandishi, akafika kwenye kundi la damu, akasimama hapo. Kisha akaninyanyulia macho, akanitazama fizi, akautazama mkono wangu wa kushoto. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani, na kwa mara ya kwanza tangu msibani nikaona uso wake umelegea.

"Afadhali," alinong'ona. "Safari hii tumeambiwa mapema."