Mgeni wa Miguu Myekundu

"Dada, tafadhali usisogee!"

Ufukwe ulikuwa umefurika watu wa Jumapili. Fundi cherehani, aliyekuja na gauni lake jipya la bluu ili aonekane, akasimama wima. Mwanamume mrefu, darubini mkononi, alikuwa amelala kifudifudi mchangani.

"Nyuma yako kuna mgeni," alinong'ona.

Juu ya jiwe alisimama ndege mweupe, miguu myekundu, peke yake.

"Huyu si wa huku. Kapotezana na wenzake."

Alikuwa mwalimu wa hesabu, marafiki wakimwita Darubini. Alimpa fundi chombo chake atazame, na fundi akapenda palepale, ndege na mwenye darubini.

Ndege alihama, wao wakabaki wakipendana. Darubini hakumficha kitu, hata habari za mchumba wake wa zamani aliyemwacha akaenda ng'ambo. Ila kila alipomtaja, sauti ilishuka. Fundi aliogopa: yule akirudi, mimi nitawekwa wapi?

Alasiri moja alimpelekea shati alilomshonea la kuvaa siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa fundi. Mlangoni akamsikia akiongea na rafiki yake kwa simu.

"Amerudi! Mzuri vilevile... Hapana, usimwambie mtu, watamsumbua. Nakwenda kwake ufukweni sasa hivi."

Fundi alilitundika shati kwenye kitasa, akaondoka. Simu yake ikaita mpaka ikachoka. Alilia kwa uchungu juu ya cherehani.

"Umemwona huyo mwanamke?" dada yake akauliza.

"Nimesikia."

"Kamwone kwanza, mdogo wangu. Kulia utalia baadaye."

Ufukweni alimkuta amelala kifudifudi kama siku ile, na shati jipya mwilini.

"Shati langu ndilo unalolisugua mchangani?"

"Mpenzi! Nimekupigia mpaka basi."

"Yuko wapi aliyerudi?"

Darubini akaonyesha kwa kidole. Chini ya jiwe kulikuwa na miguu myekundu, na bawa moja limelegea. Aibu ilimshika fundi.

"Nilikusikia mlangoni. Mbona kwenye simu hukusema ni ndege?"

"Yule ni rafiki yangu wa ndege, tangu lini nikamwambia habari za kitu kingine?" Kisha akaelewa, uso ukambadilika. "Ulidhani ni yule? Mama, yule alishakwenda. Nilitaka uje tumuage huyu. Hafiki kesho."

Walikaa bega kwa bega, watu wakipita na mipira yao. Ndege akainamisha kichwa, hakukiinua tena. Fundi alilia upya, safari hii bila hasira.

"Amekufa bila hata mmoja wa kwao," Darubini akasema. "Mimi sitaki kuishi hivyo. Nikuoe lini? Niambie wewe."

Kabla fundi hajajibu, simu ya Darubini iliita. Ni yule rafiki.

"Vipi, bado yupo?"

"Amekwenda," Darubini akasema.

"Pole sana, ndugu yangu. Sasa uko peke yako huko?"

"Hapana. Amerudi."

"Nani tena?"

Fundi akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Shemeji yako."