Benchi la Katikati

Boti ilikunywa ndoo mbili za maji na chini yake hapakuanguka hata tone.

Hivyo ndivyo wavuvi wanavyopima boti ya bati la alumini iliyokwisha kutumika. Huiingizi ziwani kwanza, maana ziwa halirudishi. Unaiweka juu ya magogo, nchi kavu, unamimina maji ndani, halafu unachuchumaa na kuchungulia chini. Pakitota, pana tundu. Pakikaa pakavu, toa mkono umpe muuzaji. Sasa hii ilikaa kavu kama kiganja, lakini maji yaliyokuwa ndani yalipungua huku watu wanayaangalia.

Wanunuzi walikuwa mume na mke. Mke alikuwa mshonaji, na mumewe alimwita Bi Sindano tangu siku za uchumba. Mume alikuwa mvuvi wa kuajiriwa katika boti ya mbao ya mtu mwingine, na mtaa mzima ulimwita Hodihodi, kwa sababu hakuna mahali alipoingia bila kubisha. Alibisha chooni, alibisha bandani kwa kuku, kuku wakaruka. Ubishaji wake ulijulikana: mara mbili, anyamaze kidogo, kisha mara moja. Ukiusikia huulizi nani.

Shida yao ilikuwa moja. Boti ya mbao ya tajiri wake ilikuwa imezeeka, kila msimu inazibwa upya, na mwenyewe alikwisha sema akichoka ataipasua kuni. Hodihodi alitaka chombo chake, chepesi, cha kubebwa na watu wawili. Ila mfuko wao ulikuwa na pumzi fupi. Cherehani ya pili ya mkewe ilikwisha kwenda kwa mnunuzi, na hapakuwa na ya tatu.

Muuzaji wa vyombo vikuukuu, mtu wa shavu moja kubwa kuliko jingine, ndiyo maana akaitwa Shavu, aliwaonyesha boti tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri na bei yake ilikuwa nzuri zaidi, wakaipita kimya kimya kama watu wanaopita msibani. Ya pili ilikuwa na unga mweupe kuzunguka ribiti zake, vile vipini vinavyobana bati kwa bati, na ule ubao wa nyuma unaofungiwa mashine ulibonyea kwa kidole kama mkate. Ya tatu ilikuwa imara, bati nene, chini bapa, na bei yake ilimfanya mshonaji amtazame muuzaji usoni. Alisema polepole kwamba mama yake alimfunza, rahisi huvunja upishi. Shavu akacheka, akasema yeye hauzi sufuria.

Kitu kimoja tu hakikufanana na vingine. Benchi la mbele na la nyuma yalishikwa kwa ribiti. La katikati lilichomelewa kuzunguka pande zote, mchomeleo mnene, mbaya, uliopinda, kama kazi ya mtu aliyekuwa anaharakisha kufunga. Walipouliza, Shavu alisema boti aliikuta hivyo.

Hodihodi, kwa mzaha wake, akaligonga lile benchi. Mbili, kimya, moja.

"Hodi wenyewe?"

"Karibu," ikajibiwa taratibu.

Mke akacheka, akijua mumewe ameibana sauti tumboni kumchezea. Mume akacheka, akijua mkewe ndiye aliyeitika. Kila mmoja alimwacha mwenzake na ufundi wake, wakalipa, na wala hawakuulizana. Yale maji yaliyopungua Hodihodi aliyapatia jibu: yameingia kwenye lile povu gumu linalojazwa chini ya mabenchi ili boti isizame. Litakauka, alisema.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua mwembamba mbele, ukuta mrefu pande zote, geti la chuma. Boti ilikuja kwa mkokoteni, ikapita getini ikiacha nafasi ya kupenyeza mkono kila upande. Wakailaza uani, wakaila kwa macho jioni yote. Hodihodi alisema Jumamosi anaishusha majini.

Jumamosi ilipofika, boti haikupita getini.

Waliisukuma moja kwa moja, ikagota. Wakailaza ubavu, ikagota. Jirani mchonga milango akaombwa alete futi yake. Akapima geti, akapima boti, akajikuna, akapima tena. Geti halikupungua na boti haikukua, na kwa futi ile ilipaswa kupita. Akakunja futi akakumbuka kwamba ameacha gundi motoni.

Tangu hapo boti ikaanza kuukaa ule ua. Asubuhi moja omo yake, ile pua ya mbele, ilikuwa imegusa ukuta. Nyingine, ubavu wake ulikuwa mlangoni kabisa, na nyuma yake imelikaba geti, likabaki kufunguka kiasi cha kupitisha paka. Mtu akitaka kutoka nyumbani akatafute chumvi, sharti apande boti, apite juu ya benchi la katikati, ashuke upande wa pili na ajibane. Mshonaji alikuwa anakunja gauni na kuruka. Mumewe alikuwa anapita polepole, na kila akipita anakawia kidogo pale katikati, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi.

Maji ya mtungi yakawa yanapungua na kifuniko kiko juu. Nyumba ikashika harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa, na ya chuma kilichoshikwa na mikono yenye jasho. Na Hodihodi akaacha kubisha. Aliingia chumbani kama moshi, akala kimya, hakumwita mkewe Bi Sindano wala jina jingine lolote, akarudi kukaa kwenye lile benchi, viganja juu ya bati, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao.

Mke alimbembeleza. Akamwambia waikate vipande, waiuze kwa wanaoyeyusha bati. Mume akamtazama kwa huruma.

"Mle ndani ni pakubwa," alisema. "Usione hivi kwa nje."

Alipomuuliza umejuaje, alijibu kwamba alikaribishwa. Ndipo mshonaji akauliza kwa sauti ya chini, "Si wewe uliyesema karibu siku ile?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe."

Wakatazamana. Cheko lile waliloachiana kule kwa Shavu likawarudia likiwa limeoza.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, mchana mweupe, mke alikuwa anashona akaona hasikii pumzi ya mtu uani. Akatoka. Makomeo ya geti yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Boti ilikuwa tupu. Ndala za mumewe zilikuwa juu ya benchi la katikati, zimepangwa vizuri, kama za mtu aliyevua mlangoni kwa watu.

Hakupiga kelele, maana alihofia nani ataitika. Alipanda kiti, akamwita jirani juu ya ukuta kwa mnong'ono, akamwomba amkimbilie mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwavuli na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifika getini, akachungulia kwenye ufa wa geti, akanusa, hakuingiza hata kidole. Aliuliza nani alisema hodi na nani alisema karibu. Mganga alipoelezwa, mshonaji, akiwa kwa ndani, aliona kope zake zinavyopiga nyuma ya miwani.

"Mwanangu, mumeo ameingia kama yale maji yalivyoingia," alisema. "Hakuna tundu, na hatoki kwa tundu. Alibisha kwenye nyumba ya mtu akakaribishwa, na mgeni hatoki mpaka nyumba nyingine imkaribishe."

"Basi nimwite, mama?"

"Usimwite. Mimi nitasoma kwa jirani, nyuma ya ukuta, maana nikisimama hapa hatakuja yeyote. Utasikia hodi. Pengine utasikia mbili. Wewe una karibu moja tu ya kutoa, na utakayempa ndiye atakayeingia kwako, na mwingine atabaki ndani ya chuma. Sijui mumeo atatokea upande gani. Hilo sina la kukudanganya. Lakini wewe ni mkewe. Msikilize."

Akaondoka, mwavuli wake ukapita juu ya ukuta kama jani linalochukuliwa na maji, na mara ikasikika harufu ya ubani ikivuka kutoka kwa jirani na sauti ya mganga ikisoma chini chini.

Mshonaji akasimama kizingitini, nyuma yake chumba, mbele yake boti iliyomziba pumzi, jua likidunda juu ya bati mpaka macho yakamtoka machozi, na kwa muda hapakuwa na kitu ila kusoma kule kwa jirani, halafu kusoma kukawa kama kunatoka mbali, mbali zaidi ya ukuta mmoja, na ile harufu ya maji ya maua ikapanda ikamjaa mdomoni, na bati la benchi la katikati likaanza kulia kwanza kidogo kama sufuria inayopoa, kisha kwa nguvu, kisha likapigwa kutoka ndani, likapigwa bila mpango, kwa ngumi, kwa kucha, kwa kitu kigumu kama paji la uso, na sauti ikatoka humo iliyokwaruza, isiyo na umbo la mtu, ikisema hodi hodi hodi hodi bila kuvuta pumzi, hodi Bi Sindano, hodi, nifungulie, hodi, na kila neno likija na mkwaruzo uliomfanya ajishike masikio.

Na papo hapo, getini, kwa utulivu, pakabishwa.

Mara mbili. Kimya. Mara moja.

"Hodi," ikasema sauti ya mumewe, ile ile, yenye kicheko chembamba mwishoni. "Mke wangu, nimechoka kusimama juani."

Benchi likapiga kama moyo wa kuku mkononi. Mshonaji alitazama lile bati likivimba na kurudi, akatazama geti, akatazama bati. Mumewe ana ubishaji wake, alijiambia, mtaa mzima unaujua. Kitu kinachokwaruza hivi si mtu. Akafumba macho.

"Karibu," alisema, akielekea getini.

Benchi likanyamaza katikati ya pigo.

Boti ikashusha pumzi, nakuambia hivyo hivyo, ikajiachia kutoka ukutani, ikalala uani ndogo kama siku ilipokuja. Makomeo yakafunguka. Mumewe alikuwa amesimama pale, peku, nywele zimelowa, anatabasamu. Mshonaji alimwangukia akalia mpaka akakauka. Mganga alikuja, akamtazama yule mwanamume kutoka kisogoni hadi kisiginoni, akaagiza boti ipelekwe mbali na isigongwe, akaondoka bila kumaliza maji aliyopewa.

Maisha yakarudi, au yalifanana na kurudi. Mume alikuwa mpole. Aliitoa boti mwenyewe siku ile ile, getini ikapita kwa raha, akasema ameiuza kwa wayeyushaji, wale wanaomimina vyombo vya jikoni. Mkewe hakuuliza ameiuza vipi, alimshukuru. Ziwani hakurudi, alisema ameyachoka maji, ingawa mtungi wao sasa ulijazwa asubuhi na jioni. Mke akawa anamtania kwamba anakunywa kama ng'ombe, naye anacheka, kicheko chembamba.

Ila hakubisha tena. Na siku moja, akimpimia shati, mkono wake ukiwa mgongoni kwake, mshonaji alikumbuka kwamba mumewe katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita mke wangu. Pini zikamtawanyika. Aliziokota moja moja, akijiambia kwamba mtu akipatwa na makubwa hubadilika. Lakini kichwa kikawa kimeshaanza kufuma. Ubishaji ule ulisikika pia kwa Shavu, juu ya lile benchi, na aliyekuwa ndani aliusikia vizuri. Na mtu, akifungiwa gizani ndani ya chuma, jua kali juu yake, povu mdomoni, atakumbuka kweli kubisha kwa heshima?

Jioni hiyo mume alirudi na sufuria mpya, nene, ing'aayo, na kifuniko chake. Akaiweka juu ya meza.

"Zawadi yako," alisema.

Asingeweza kuikataa bila kusema kwa nini. Akaiosha. Akaijaza maji, akaitenga jikoni, akafunika, akasimama kuisubiri. Mvuke haukutoka. Mlio wa kuchemka haukuja. Alipofunua, maji yalikuwa nusu, na jikoni, chini, palikuwa pakavu. Akafunika tena, haraka, kiganja juu ya kifuniko.

Chini ya kiganja chake pakabishwa. Polepole sasa, kwa adabu, kama mtu aliyeishiwa nguvu na kukumbuka zamani.

Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Neno likampanda kooni. Nyuma yake ubao wa sakafu ulilia, na pumzi yenye baridi ya maji ikatua shingoni mwake.

"Mke wangu, usiitike," alinong'ona yule mwanamume, na mkono wake ukaja juu ya mkono wa mshonaji, ukakibana kifuniko. "Nyumba hii imeshajaa."