Zamu ya Miwani

Saa kumi na mbili jioni nilishuka chumba cha seva kuchukua laptopu ya Miwani, kijana wa kazini kwetu. Mkewe aliiomba, picha za watoto zilikuwa humo.

"Shemeji," aliniambia, "kila nikilala namwona anaandika. Ananiambia hajaruhusiwa kupumzika."

Tulikuwa tumemzika wiki tatu nyuma.

Mimi ndiye mkuu wa timu. Kazi yetu ni moja tu, mitambo ya kompyuta isizimike. Hospitali na mabenki zinaitegemea. Hitilafu ikitokea, simu zetu zinalia, na mwenye zamu anabonyeza "Nimepokea". Miwani alishika zamu siku arobaini mfululizo kwa sababu Mkurugenzi hakutaka kuajiri. Nililalamika mpaka nikachoka. Akanicheka! Kijana wa watu akaanguka juu ya kibodi.

Nikiwa mlangoni, simu yangu ikalia. Hitilafu. Kabla sijaigusa, maandishi yakatokea.

Imepokelewa na Miwani.

Nikawaka. Mshenzi gani huyu anachezea jina la marehemu? Nikasukuma mlango.

Baridi. Feni zinavuma. Na harufu... udongo mbichi.

Tak. Tak. Tak-tak.

Alikaa amenipa mgongo. Shati ni lile tulilomzikia.

"Miwani..." nikanong'ona. "Nenda nyumbani, mdogo wangu."

"Nani ananipokea zamu, bosi?"

Hakugeuka.

Nikampigia Mkurugenzi, nikamweleza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umefuata nini huko?"

"Kumbe unajua!"

"Anajibu kwa sekunde nne. Halali, hadai likizo. Mganga kaniambia nisimguse. Na wewe usimguse."

Damu ilinichemka. Msukule! Kamgeuza mtoto wa mwenzake msukule, eti asiajiri mtu! Nikafungua orodha ya zamu kwenye simu, nikafuta jina la Miwani. Ikagoma. Nafasi haiachwi wazi.

Nikaandika jina la Mkurugenzi.

Kibodi ikanyamaza. Miwani akasimama, akapita ubavuni mwangu, baridi tupu. Mlango haukufunguka, lakini chumbani nilibaki peke yangu.

Mkurugenzi alikuwa bado hewani.

"Nani kaingia humu? We! Niache... niache mkono!"

Halafu nikasikia, kwenye simu yake, kibodi. Polepole, kidole kimoja kimoja.

Shemeji analala vizuri siku hizi. Mke wa Mkurugenzi ananipigia kila siku akilia, mumewe haonekani. Polisi wamepekua jengo lote, hawajapata kitu. Ila hitilafu zinapokelewa kwa jina lake, kwa kuchelewa, na makosa tele.

Kila jioni naifungua ile orodha. Naweza kumtoa, lakini lazima niandike jina jingine. Nasoma majina ya vijana wangu. Nasoma langu. Naifunga. Huko aliko akosee, arudie, akosee tena.

Bado nina hasira naye.