Eksozi ya Meneja

Mwizi alikuwa ameacha kipya akabeba kibovu.

Ndiyo maana Inspekta alichuchumaa kwenye sakafu ya gereji, suruali yake ikinyonya mafuta machafu, akatazama kisha akatazama tena. Juu ya meza ya chuma eksozi mpya ilikuwa imelala palepale ilipoachwa jana: bomba pana lisiloshika kutu, limepindwa kwa mkono, mishono yake myembamba kama ya cherehani. Kama ni kuiba, cha kuiba kilikuwa hicho.

Pembeni, ndani ya kizimba cha wavu, gunia lilikuwa wazi. Bushi zilizolika zilikuwemo. Pedi za breki zilizobaki unene wa ukucha zilikuwemo. Sahani ya klachi, shokamzoba zinazovuja, vyote vilikuwemo. Kilichokosekana ni sailensa ya zamani tu, ile ya kunyamazisha eksozi, iliyokuwa imetobolewa na kutu kama chekeche.

"Afande, nani anaiba uozo?" konstebo akauliza.

"Swali zuri. Lishike hivyohivyo, usilidondoshe."

Gari lenyewe lilikuwa limeinuliwa juu ya stendi, jeusi, pua ndefu, tumbo wazi. Lilikuwa la Meneja wa kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilikufa zamani, lakini Meneja alibaki Meneja. Watu walimwita hivyo, na yeye aliitika upesi kuliko anavyoitika jina lake. Kiwanda sasa kilikuwa kimegeuzwa maduka, na Jumamosi ndiye angekata utepe.

"Nilitaka lingurume pale langoni," Meneja akasema, akigonga sakafu kwa fimbo yake. "Watu wajue nani amefika. Badala yake naibiwa. Na mwizi nimeshawapa."

Mwizi aliyempa alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu wa mkokoteni waliyemwita Kutu. Tangu asubuhi alikuwa mahabusu, akiuliza kila anayepita kosa lake ni nini.

"Ulimwona akichukua?" Inspekta akauliza.

"Ananunua vyuma vibovu. Chuma kibovu kimepotea. Unataka hesabu gani tena?"

"Hesabu ya ushahidi."

"Changu ni changu, Inspekta. Hata kikiwa kutu tupu."

Inspekta aliinuka polepole. Sauti ile aliijua. Alizaliwa kwenye nyumba za safu za wafanyakazi, mama yake akisokota nyuzi zamu ya asubuhi, na king'ora cha mvuke kikiwaamsha wote, wazima na wagonjwa. Kisha ukaja mgomo mkubwa, na katikati ya mgomo king'ora kikapotea juu ya paa. Meneja alisimama langoni akasema maneno haya haya: mwizi nimeshawapa. Akamwonyesha kidole bawabu. Polisi wakapindua kila nyumba. Godoro la mama yake walilipasua kwa kisu, sufi ikaruka chumba kizima, na mama akawa anaiokota huku nyingine imemkaa nyweleni.

King'ora hakikuonekana. Ushahidi haukupatikana. Bawabu akafukuzwa kazi hata hivyo, na mpaka leo mitaa ile inamwita Mwizi wa King'ora.

Wengine waliyasahau hayo. Inspekta hakusahau. Huenda ndiyo yaliyomfanya aende uaskari: alitaka siku moja mtu aulize kwanza kabla ya kupasua godoro.

Akamgeukia Fundi Mkuu, mwenye gereji, aliyekuwa amesimama kama mtu aliyefiwa.

"Kwa nini mnaweka vyuma vibovu kizimbani kama dhahabu?"

"Ni desturi yetu, afande. Mafundi wengine watakwambia wamebadilisha, kumbe wamepangusa vumbi. Hapa hatusemi, tunaonyesha. Chuma tulichotoa anakabidhiwa mwenyewe mkononi, kimoja kimoja, mbele ya watu. Hajaondoka mteja hapa bila vyuma vyake. Leo nikisema sailensa imepotea, kesho mimi ni mwizi kama wezi wengine. Mtu ana nini zaidi ya jina?"

"Kizimba kilivunjwa?"

"Ndiyo maajabu. Kufuli ipo kama nilivyoifunga."

Inspekta aliuzunguka mlango. Kufuli kweli ilikuwa nzima. Lakini upande wa bawaba rangi ilikuwa imechubuka karibu na vichwa vya bolti. Akavaa glavu, akashika bolti moja kwa vidole viwili. Ikazunguka bila spana. Ya pili vilevile.

"Konstebo, alama za vidole?"

"Hakuna, afande. Pamepanguswa safi."

"Mwizi aliufungua mlango kwenye bawaba, akachukua alichotaka, akaurudisha. Kisha kila bolti akaitia tunduni mwake." Akamtazama Fundi Mkuu. "Mwizi wa kawaida akifungua bolti anaifanyaje?"

"Anaitupa."

"Na wewe?"

Fundi Mkuu alijibu kabla hajafikiri, kifua mbele. "Bolti ikitoka inarudi tunduni mwake papo hapo, mizunguko miwili ya vidole, hata kama utaifungua tena ukimaliza kupiga chafya. Bolti ikilala chini imeshapotea. Ndivyo nilivyofundishwa karakana ya kiwandani, na kila anayefanya kazi kwangu..."

Kifua kikashuka.

"Wako wangapi wanaofanya kazi kwako?"

"Tuko mimi na mchomeleaji wangu." Akatazama mlango wa chumba cha nyuma. "Afande, sema ni mimi."

"Nitasema ni nani nikishajua ni nani."

Mchomeleaji alikuwa chumba cha nyuma, mwanamke wa makamo mwenye mikono yenye vidoa vya cheche, akisugua bomba ambalo tayari lilikuwa safi. Inspekta hakumsemesha. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiliwa lake, kibanio cha chuma kilichofungwa mezani, akapitisha kidole kwenye meno ya jiliwa, akamimina vumbi la chuma juu ya karatasi nyeupe.

"Konstebo, lete sumaku."

Sumaku ikapita. Vumbi jeusi likarukia juu, likaning'inia kama ndevu. Juu ya karatasi kikabaki kidogo tu, kikimeremeta njano.

"Shaba," Inspekta akasema. "Sumaku haiitaki. Gari hili lina shaba wapi, fundi?"

"Ni vumbi tu."

"Hii ni shaba nene iliyopigwa tupa. Jana hukuwa na kazi ya shaba."

"Labda nilikuwa nayo."

"Kwa mteja gani?"

Mchomeleaji alirudi kusugua bomba kwa brashi.

"Nani aliikata sailensa ya zamani kutoka kwenye gari?"

"Mimi."

"Uliona nini ndani yake?"

"Kutu."

"Baba yako hajambo?"

Brashi ikasimama. "Hajambo."

"Bado wanamwita lile jina?"

Mchomeleaji aliitupa brashi mezani. "Bado! Shuleni niliitwa mtoto wa mwizi. Nilipoolewa, mawifi walihesabu vijiko mbele yangu. Sasa unakuja kunitajia baba yangu hapa, wakati mwizi mwenyewe yuko pale nje na fimbo yake?"

"Unamsema nani?"

"Twende nyumbani, afande. Utaona kwa macho yako. Ningekiacha kizimbani, kesho Fundi angemkabidhi kwa mkono wake, naye angekitupa mtoni. Nilikichukua, nakubali. Nifunge pingu ukitaka, lakini kwanza uone."

Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule nyuma ya gereji. Bawabu alikuwa ameketi wima kwenye kiti kisicho na egemeo, mzee mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni kama yuko zamu. Mbele yake, juu ya gazeti lililotandikwa, palikuwa na mtungi mnene wa shaba, umesuguliwa mpaka unaonyesha sura ya mtu. Kando yake, ndani ya beseni, maganda ya bati lililooza. Kwenye ubavu wa shaba iliinuka nembo ya kiwanda: kidonge cha nyuzi ndani ya gurudumu.

Inspekta alikitambua: king'ora. Kitu kile kilimwamsha utoto wake wote, wala hakuwahi kukiona kwa karibu.

"Umeona?" binti akasema, akikinyooshea kidole. "Kilikuwa chini ya gari lake! Alikiiba yeye, akamsingizia baba! Baba, mwambie. Maisha yangu yote umesema hukukiiba."

Bawabu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo na bintiye, akaendelea kucheka.

"Yule? Mwanangu, yule hajui hata kufungua boneti. Ni mimi."

"Baba!"

"Ni mimi na mchomeleaji wa karakana, Mungu amrehemu. Kaa chini, Inspekta, umesimama kama mdai. Wewe si ndiye yule mtoto wa msokotaji wa zamu ya asubuhi? Nilikuwa nikikufungulia lango ukimletea mama yako chakula. Nakumbuka walivyomfanyia godoro lake. Basi sikiliza.

"Tuligoma. Kila msemaji wetu akipanda juu ya pipa aseme, Meneja anaamuru king'ora kivutwe. Watu wanaona mdomo unacheza, neno hawasikii. Leo hivyo, kesho hivyo. Tulitaka tusikilizane tu, hata siku moja. Funguo nilikuwa nazo mimi. Nikapanda paani, nikakishusha, nikakifikisha karakana. Mwenzangu akaniuliza, 'Tukifiche wapi? Hawa watapekua mpaka nepi.' Tukatazama huku na huku. Gari la Meneja lilikuwa juu ya shimo, sailensa imetoboka. Amelileta litengenezwe na mikono ileile aliyokuwa anaitukana langoni. Tukatazamana, mimi na yeye. Akakizungushia bati, akakichomelea mabomba huku na huku. Kilizoea kunyamazisha watu. Tukakipa kazi kinayoijua."

Konstebo alifunika mdomo kwa kofia yake.

"Kesho yake," Bawabu akaendelea, "mkuu wa polisi wa wakati ule alikuja kutupekua akiwa amepanda gari hilohilo. King'ora kiko chini ya makalio yake! Na siku hiyo, Inspekta, msemaji wetu alisema mpaka jua likachwea, na kila mtu alimsikia. Mama yako alikuwa mstari wa mbele."

"Kwa nini hukuniambia?" Binti alikuwa na machozi na hasira kwa pamoja. "Ulinidanganya!"

"Lini? Nilisema sikuiba, na sikuiba. Kuiba ni kumtenga mtu na mali yake. Mimi yake sikumtenga nayo hata siku moja, alitembea nayo. Lakini ningesema kilipo, wangekirudisha paani. Jina baya nililibeba mimi, sauti wakabaki nayo watu. Usinihurumie, mwanangu. Sijawahi kulala vibaya."

Inspekta alimtazama mzee upya. Kwa miaka yote alimkumbuka mzee huyu kama mtu aliyeonewa. Kumbe mtu aliyeonewa alikuwa ameshinda, na hakumwambia mtu.

"Nimesikia," akasema mwisho, akamgeukia mchomeleaji. "Fundi, unajua leo unatakiwa ufanye nini?"

"Kuvaa pingu."

"Kufunga eksozi ya watu. Mteja anakuja kesho, na desturi ya gereji hii ni kumkabidhi vyuma vyake. Vyote."

Asubuhi gereji ilijaa. Kutu alikuwa ametolewa mahabusu na amekuja na mkokoteni wake, akitaka kumwona anayemwita mwizi. Majirani walisimama mlangoni. Bawabu alikuja amevaa koti.

Meneja alitazama chini ya gari. Eksozi mpya ilikuwa imekaa mahali pake, imenyooka, haikugusa kitu.

"Kazi nzuri," akasema, kwa shida.

"Ni ya mkono wa binti wa bawabu," Fundi Mkuu akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Sasa pokea vya kwako. Bushi zako. Pedi zako. Klachi yako. Shokamzoba zako, zote." Akavuta pumzi. "Na hiki tulikikuta ndani ya sailensa yako."

Wakakiinua wawili, yeye na mchomeleaji, wakakiweka mezani. Mtu mmoja mlangoni, mwanamke mzee, akasema, "Mama yangu wee."

Meneja alirudi nyuma hatua moja.

"Uliandikisha malalamiko kwamba sailensa yako imeibwa," Inspekta akasema. "Sailensa ni hii. Mchomeleaji aliitoa kizimbani bila ruhusa, amekiri, ameirudisha. Nauliza mbele ya mashahidi: ni mali yako?"

"Hiki ni... hiki kiliibwa na huyu!" Fimbo ikamwelekea Bawabu.

"Kimekutwa chini ya gari lako, ulilolipanda tangu wakati huo. Ukisema ni chako, nitaandika kwamba ulikuwa nacho muda wote, na kwamba ulimwita mtu mwizi na nyumba za watu zikapasuliwa kutafuta kitu ulichokuwa umekikalia. Ukisema si chako, basi huna ulichoibiwa. Jana wala zamani zile. Chagua."

Fimbo ilishuka. Meneja alitazama nyuso za mlangoni, akatafuta moja ya kumtii, akaikosa.

"Si changu."

"Andika, konstebo. Mlalamikaji amekana mali."

"Amekana mali," konstebo akarudia akiandika, kwa raha ya mtu anayekula muwa.

"Basi mimi si mwizi?" Kutu akapaza sauti.

"Hapa hakuna mwizi hata mmoja," Inspekta akasema. Alimtazama Bawabu. "Wala hajawahi kuwapo."

Meneja aliingia garini, akawasha. Eksozi ikanguruma, nzito, safi, ngurumo ya kujivunia. Hata mchomeleaji, pamoja na yote, aliinamisha sikio akatabasamu. Kisha Meneja akateremsha kioo, akaweka kiwiko nje kama zamani langoni, akafungua kinywa awaambie watu neno.

Mchomeleaji alikuwa ameshachomeka mpira wa kompresa kwenye tako la king'ora, pale alipopasafisha kwa tupa. Akampa baba yake koki.

"Wewe ndiye mwenye zamu, baba."

Bawabu akafunga kifungo cha juu cha koti, akafungua upepo.

King'ora kikalia. Milango ya nyumba zote za safu ikafunguka, watu wazima wakatoka mbio na vitambaa vya jikoni mikononi kama watoto walioitwa, mabati yakatetemeka, na Inspekta akamwona mama yake kama siku zile, ana sufi nyweleni, yuko mstari wa mbele.

Aliutazama mdomo wa Meneja. Ulikuwa unacheza, unacheza. Neno hakusikia hata moja.