Jina la Sita Kwenye Orodha

Saa kumi na dakika arobaini alasiri, Jumamosi ya tarehe 12 Julai 2025, boti ya mpira iliingizwa Mto Malagarasi ikiwa na watu watano. Ninayo picha. Majina yaliyoitwa kabla ya kuondoka yalikuwa sita, na yote sita yaliitikiwa.

Nimefanya kazi chumba cha habari cha redio mjini Kigoma kwa miaka kumi na moja. Hapa ninaandika nilichokiona, nilichokisikia na nilichokigusa. Pale ambapo sijui, nitasema sijui.

Safari ilikuwa wazo la kaka yangu, Zefania. Anafanya kazi reli, Tabora, na alikuja kwa wikiendi na mkewe, Melania. Ijumaa tulitembea Ujiji. Jumamosi ilikuwa ya mto. Jumapili tungepanda boti Kibirizi twende Gombe kuona sokwe. Binti yangu Wema, miaka tisa, alikuwa ameshaandika kwenye daftari maswali kumi na mawili ya kumwuliza mwongozaji wa hifadhi. La kwanza: sokwe wanaitana kwa majina?

Mwenye kampuni ya boti anaitwa Martini. Alitupakia kwenye pikapu yake, tukapita Simbo, tukashuka kwa njia ya vumbi hadi ukingoni. Alimkabidhi nahodha, kijana aitwaye Samson, karatasi ya majina ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema atatusubiri chini, mwisho wa safari. Akaondoka.

Tulivaa majaketi okozi na kofia ngumu. Zefania hakuacha kuongea.

"Stefa, wifi yako akianguka humu, mamba ndiye wa kuhurumiwa."

"Na wewe ukianguka," Melania akajibu, "tutakuokota ziwani, bado unaongea."

Wema alicheka mpaka kofia ikamfunika macho.

Hatua kumi hivi kutoka kwetu alikuwepo mwanamke mwenye beseni la samaki wa kukaanga. Hakututangazia bidhaa yake. Alikuwa akimtazama Samson na ile karatasi.

Utaratibu wa kampuni ni kuita majina mara mbili. Mara ya kwanza watu wakiingia kwenye boti, mara ya pili wakitoka. Anayeitika anawekewa alama ya vema. Samson alisoma haraka, macho kwenye karatasi.

"Stephania."

"Nipo."

"Zefania." "Melania." "Wema." Wote waliitika. Akajiita mwenyewe, akajiwekea vema, akacheka peke yake.

"Dotto."

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa karibu, na ilikuwa chini, usawa wa maji.

Samson aliweka vema kabla hajafikiri. Kisha mkono wake ukasimama juu ya karatasi.

"Dotto ndiye nani tena?" Zefania akauliza.

"Karatasi ya zamani hii," Samson alisema. "Bosi anabadilisha majina ya juu, ya chini anasahau."

Nilimgeukia Wema nimkanye kwa utani wake. Alikuwa ametazama mtoni, mdomo umefumba.

Nyuma yetu beseni lilianguka. Yule mwanamke alikuwa amesimama na mikono kichwani, samaki wametapakaa miguuni mwake. Hakuwaokota. Samson alisukuma boti upesi kuliko nilivyotarajia. Kijana mwingine wa kampuni alitupiga picha kutoka ukingoni. Ndiyo hiyo picha.

Wema alikuwa amekaa mbele yangu, pembeni kabisa, amebanwa na ukuta wa boti. Kati yake na Melania kulikuwa na nafasi.

"Sogea katikati, mama."

"Pamejaa," alisema.

Nilidhani anaogopa maji. Nilimwacha. Hilo ni kosa langu na nimeliandika.

Maporomoko ya kwanza tuliyapita tukipiga kelele. Ya pili yalitulowesha wote, Zefania akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Melania akamshangilia. Kati ya maporomoko ya pili na ya tatu mto hutulia. Samson alituambia tupumzishe makasia.

Hapo ndipo nilipoisikia harufu. Ilikuwa harufu ya nguo iliyofungiwa ndani ikiwa mbichi, siku nyingi.

Boti iliinama upande wa Wema. Taratibu... Kama mtu anapoparamia kutoka majini.

Hakuna aliyekuwa ameparamia.

"Kaeni sawa," Samson alinong'ona.

"Mbona tumekaa sawa," Melania alisema.

Maporomoko ya tatu yalitudaka. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mkono mmoja na jaketi la Wema kwa mwingine. Ninasisitiza hili. Niliushika ule mkanda wa begani mwanzo hadi mwisho, na sikuuachia.

Saa kumi na moja na dakika hamsini boti iligusa mchanga. Samson alitoa karatasi kuita mara ya pili.

"Stephania."

"Nipo."

"Zefania." "Nipo." "Melania." "Nipo."

"Wema."

"Nipo."

Haikuwa sauti ya Wema.

Ilitoka nyuma yetu. Majini.

Niliangalia mkono wangu. Nilikuwa nimeshika jaketi. Klipu zote tatu zilikuwa zimefungwa, mkanda wa kiunoni umekazwa kama nilivyoukaza mwenyewe. Ndani yake hakukuwa na mtu.

Sitaeleza kelele nilizopiga. Zefania aliingia mtoni na viatu. Samson aliburuta boti kurudi majini, akakagua mwamba kwa mwamba. Melania alikimbia kandokando akiita. Matete ya ukingo ule, umbali wa hatua ishirini, tuliyapekua mara tatu. Ninajua ni mara tatu kwa sababu mara zote nilikuwepo.

Martini alikuwa ameegemea pikapu. Alikuja akitembea.

"Polisi," nilimwambia. "Piga simu. Huku simu yangu haina mtandao."

"Tutulie kwanza, dada. Tutafute. Tukikimbilia polisi jambo linakuwa kubwa, kampuni inachafuka jina, na mtoto huenda kakaa tu mahali anacheza."

Nimehoji watu wengi wanaoficha mambo. Wengi hutetemeka. Huyu hakutetemeka. Alikuwa na maneno tayari, yamepangwa, kama mtu aliyewahi kuyasema kabla.

"Umeshawahi kumwambia mtu mwingine hivyo," nilisema.

Aligeukia barabarani.

Bodaboda ilifika. Yule mwanamke wa samaki alishuka kabla haijasimama. Alinipita mimi, akampita Samson, akasimama mbele ya Martini.

"Mmemwita," alisema. "Mmemwita mwana wanje, mwanangu, majini."

"Devota, nenda nyumbani."

"Miezi minne nimekaa nyumbani. Ulinikataza hata kulia."

Nilimwomba aniambie. Alisema kwa kifupi, akimtazama Martini muda wote. Mwanawe Dotto alikuwa na miaka kumi. Tarehe 15 Machi Martini aliwakusanya watoto sita wa kijijini, akawapakia bure kwenye boti ili awapige picha za matangazo. Yeye mwenyewe alikuwa nahodha. Walirudi watano. Martini aliwaambia wazee kwamba Dotto hakuwemo, alikuwa anaogelea tu kwa utundu wake. Wale watano walionywa wasiseme neno. Mwili haukuonekana.

"Kwetu aliyechukuliwa na maji asionekane, haitwi jina karibu na maji," Devota alisema. "Hajafika huyo. Bado yuko safarini. Aliyeingia naye ndiye anamtoa. Anasimama hapa, anasema kwa mdomo wake: niliingia naye, sikutoka naye. Ndipo mama analia. Ndipo anapumzika. Huyu hakusema. Sasa mmeita jina, mmempa nafasi kwenye boti. Na nafasi moja ni ya mtu mmoja."

"Ushirikina," Martini alisema. "Dada, wewe ni msomi. Unasikiliza haya?"

Sikuwa nasikiliza hayo. Wakati ule sikuamini hata neno moja la mambo ya nafasi. Nilichoamini ni kwamba mtoto alikufa mikononi mwa mtu huyu mwezi Machi, na mwezi Julai aliniuzia safari ileile, kwa boti ileile, kwa karatasi ileile, wala hakuona haja ya kufuta jina. Au aliogopa kulifuta. Nilimnyang'anya Samson ile karatasi. Nikamshika Martini ukosi wa shati. Mikono yangu haikuwa mikono ya mwandishi wa habari.

"Tarehe kumi na tano Machi nahodha alikuwa nani?"

"Niachie."

"Kama Dotto hakuwemo, jina lake linafanya nini kwenye orodha yako?"

"Makosa ya kuchapa."

"Sema anachotaka mama huyu."

"Siwezi kusema uongo kwa ajili ya—"

"Sema, mshenzi wewe!" Huyo alikuwa Zefania. Alikuwa ametoka majini, analia, ameshika kasia kama rungu. "Mtoto wa dada yangu yuko humo! Sema, au nakupasua!"

Jua lilikuwa limegusa vilima. Maji yalibadilika rangi. Harufu ile ilirudi, safari hii nzito, na Devota akafunika mdomo kwa kanga, si kwa kuchukizwa. Alikuwa ameitambua.

Kisha sauti ikatoka mtoni. Ya mtoto. Ya upole. Yenye subira.

"Bosi... umeshapiga picha?"

Martini alikojoa. Nililiona doa kwenye suruali yake, nikafurahi, na sijajuta.

"Mdomo unauma, bosi... Nimecheka siku nyingi."

Alianguka magoti. Nilimwachia.

"Dotto," alisema. Akaanza upya. "Dotto aliingia na mimi. Hakutoka na mimi. Niliwaambia wasimame wacheke. Boti ikapinduka. Niliona mkono wake. Nilishika simu... Nilishika simu kwanza."

Maji yalinyamaza. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo. Mto ulikuwa unapita na haukuwa na sauti.

Halafu Melania akapiga yowe kutoka kwenye matete.

Wema alikuwa ameketi kwenye matete yaleyale tuliyoyapekua mara tatu. Alikuwa amekunja miguu, mikono juu ya magoti, vizuri, kama darasani. Nywele zake zilikuwa kavu. Gauni lake lilikuwa kavu. Viganja vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima.

Nilimbeba. Nilimgusa kila mahali. Alikuwa wa moto, anapumua.

"Ulikuwa wapi, mama? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Kaka mmoja aliniomba nimshikie nafasi yake."

"Kaka gani?"

"Alisema ni dakika moja tu. Anaenda kumsalimia mama yake."

Devota alikuwa ameshaketi mchangani, miguu ameinyoosha mbele, akilia kwa sauti kubwa, kilio cha miezi minne. Wanawake waliotoka mashambani walianza kukusanyika na kuitikia. Hakuna aliyemgusa Martini. Hakuna aliyemtazama.

Tuliripoti polisi usiku uleule. Niliwapa ile orodha, nikabaki na nakala yake ya picha. Orodha ina majina sita. Kila jina lina vema moja la kuingia. Kwenye safu ya kutoka kuna alama tano za vema: kwenye jina langu, la Zefania, la Melania, la Wema na la Dotto. Samson anaapa aliacha kuandika alipofika kwa Wema, na kwamba hakuwahi kuliita jina la Dotto mara ya pili. Wino ni uleule. Sijui.

Hatukwenda Gombe. Jumapili Zefania na Melania walipanda treni kurudi Tabora. Kwenye kituo kaka yangu alinikumbatia na hakusema utani wowote.

Jumatatu asubuhi wavuvi waliona jaketi okozi dogo, si la Wema, limenasa kwenye mizizi, chini ya maporomoko ya tatu. Klipu zote tatu zilikuwa zimefungwa. Mwili haukuwemo. Jioni ile Devota aliniuliza kwenye simu kama alie tena au asubiri.

Jumanne, tarehe 15 Julai, saa nne kamili asubuhi, Martini alifika kituo cha polisi na wakili wake. Alikana maelezo yake yote. Alisaini maandishi kwamba yale aliyoyasema mtoni aliyasema baada ya kutishiwa kwa kasia, na kwamba hajawahi kumpakia mtoto aitwaye Dotto. Nilikuwa nje ya mlango. Nilimwona akichomeka kalamu mfukoni. Alinipita bila kunitazama, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuisikia simu yangu ikiita mara mbili.

Saa nne na dakika kumi na mbili niliipokea. Alikuwa mwalimu wa darasa la Wema. Alisema nisiwe na hofu, mtoto hana homa wala hajaumia. Ila tangu dakika chache zilizopita Wema alikuwa amejibana pembeni kabisa ya dawati, na amekataa kusogea. Anadai pamejaa.

Mwalimu alisema Wema hukaa peke yake kwenye dawati hilo. Alisema nusu nyingine ya benchi ilikuwa imelowa maji.